Kutegua mtego wa "ama hili, ama lile": mwongozo kamili wa mabishano ya kila siku

Nimeshaueleza mtego huu mara kadhaa, na kila nikiueleza napata malalamiko yale yale. Msomaji ameutambua, amemwambia mwenzake "hapo unanipa njia mbili za uongo", na ugomvi umewaka kuliko ulivyoanza. Mwingine amevuka mpaka: siku hizi kila akipewa vitu viwili achague, anaona anatapeliwa. Mkewe akimwuliza ugali au wali, anahoji nani kapanga orodha.

Wote wamekwama mahali pamoja. Wamejifunza kuupa mtego jina, wakadhani jina linautegua. Kazi yenyewe iko mbele ya jina: kukagua kama njia ni mbili kweli, kutafuta ya tatu inayopitika, na kuisema bila mkubwa wako kuona umemvunjia heshima.

Kwa asiyeujua kabisa: mtego wa njia mbili ni hoja inayokuwekea mambo mawili tu wakati yapo mengine, kisha inakutisha kwa moja ili ukimbilie lingine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Karatasi na kalamu. Simu inaweza kufaa, ila karatasi inawekwa mezani watu wanne wakaiona pamoja. Ukiandika kwenye simu katikati ya kikao watasema unachati.

Maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa. Ulichoelewa wewe, au alichokusimulia dada yako, weka pembeni kwanza.

Tarakimu. Bei, tarehe, siku zilizobaki. Mitego mingi huishi kwenye giza la hesabu; ukiwasha taa nusu yake inakimbia.

Usiku mmoja. Hili ndilo gumu kupata. Anayekunyima hata usiku mmoja wa kufikiri, kumbuka kwamba amekunyima. Tutarudi hapo.

Mtu mmoja asiye na maslahi katika jambo hilo. Jirani, mwalimu wa mtoto, mtu wa kikoba. Kazi yake utaiona hatua ya nne.

## Mfano tutakaokwenda nao

Nitatumia kikao cha nyumbani kwetu, kwa sababu nilikuwapo na karatasi ninayo.

Mdogo wetu wa mwisho alipata nafasi chuoni. Siku ya pili kaka mkubwa akatuita, mjomba akiwa mwenyekiti. Salamu, chai, kisha kaka akasema: "Jamani, ama tuuze kile kiwanja cha Mkuranga, ama dogo abaki nyumbani." Dalali alikuwa ameshataja milioni sita. Dada akaanza kulia kwa sababu kiwanja kile alikinunua marehemu baba. Dogo akaanza kulia kwa sababu yake. Ndani ya dakika kumi tulikuwa kambi mbili: wanaompenda baba na wanaompenda dogo.

Ukifika hapo, mtego umeshafyatuka.

## Hatua ya 1: Andika sentensi, kisha ivue nguo

Andika sentensi neno kwa neno. Mtu akikasirika hukumbuka sauti na uso, maneno yanampotea; kesho yake unajibu jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Ukishaiandika, ipange katika mistari mitatu:

1. Ama tunauza kiwanja, ama dogo anabaki nyumbani.
2. Dogo hawezi kubaki nyumbani.
3. Basi tunauza kiwanja.

Mstari wa pili kaka hakuutamka. Hakuhitaji, kwa kuwa kila mtu mle ndani aliujaza mwenyewe moyoni. Nguvu ya mtego iko hapo: msikilizaji ndiye anayemalizia hoja, hivyo anaona hitimisho limetoka kwake.

Wakati mwingine hata mstari wa kwanza umefichwa. "Ama" na "au" ni rahisi kuziona. Angalia hizi:

- *"Kwani wewe unataka mtoto aharibike?"* (Ama umpeleke bweni, ama aharibike.)
- *"Ungekuwa unanipenda ungetuma."* (Ama umetuma, ama hunipendi.)
- *"Ukinyamaza umekubali."*
- *"Kama si mwenzetu, basi ni wao."*
- *"La sivyo..."*, *"vinginevyo..."*, *"hakuna namna nyingine"*, *"tutafanyaje sasa?"*

Hiyo ya mwisho hutajwa kama swali, na ingekuwa swali kweli tungeshukuru. Mara nyingi ni mlango unaofungwa polepole.

Tahadhari: usiandike matusi, kejeli wala "alisema kwa dharau". Ukiyaandika utaanza kuyajibu hayo.

Umefaulu ukiona: mistari mitatu mifupi, na mwenye hoja akisomewa anasema "ndiyo, hicho ndicho nilichosema". Akisema "hapana, sikumaanisha hivyo", shukuru na uandike upya. Nusu ya mabishano ninayoyajua yaliishia hapo.

## Hatua ya 2: Pima kama njia ni mbili kweli

Hapa ndipo wengi mnaruka, na kuruka hapa ndiko kunakowafanya mwonekane wabishi. Yapo mambo yenye njia mbili tu. Kivuko cha Kigamboni kimeondoka au hakijaondoka. Mkataba umesaini au hujasaini. Anayekuambia "panda sasa au kinakuacha" hajakutega, kimbia.

Kiswahili kinatupa vipimo viwili vizuri sana, na kila mmoja wetu anavyo mdomoni tangu utotoni.

Kipimo cha "wala". Jaribu kusema "si hiki wala si kile". Ikiwa sentensi inaweza kuwa kweli, njia hazikuwa mbili. "Mrefu au mfupi?" Mtu wa kimo cha kati si mrefu wala si mfupi, kumbe kuna nafasi. "Mrefu au si mrefu?" Hapo "wala" haina pa kuingia. Maneno yanayopingana kama mrefu na mfupi, tajiri na maskini, rafiki na adui, huacha uwanja mpana katikati. Neno na ukanusho wake haviachi uwanja. Anayetega huchukua jozi ya aina ya kwanza akaitumia kana kwamba ni ya pili.

Kipimo cha "na". Jaribu kusema "hiki na kile pia". "Unafanya kazi au unasoma?" Wengi mnasoma jioni na kazini mpo. Hakuna aliyesema moja linamfukuza mwenzake.

Chukua mfano mwepesi. Kijiweni utaulizwa, "Wewe Simba au Yanga?", na ukichelewa kujibu mtu atakusaidia: "Kama si Simba basi ni Yanga." Pima kwa "wala". Mtibwa Sugar ya Turiani ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, na Azam wakauchukua msimu wa 2013/14. Ligi yenyewe imeshajibu "si Simba wala si Yanga". Kipimo cha "na", kwa jambo hili, usikifanye hadharani.

Mfano mzito zaidi. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba: ndizi kwa ndiyo, chungwa kwa hapana. Kwenye karatasi ya kura njia zilikuwa mbili kweli, huwezi kuweka alama kwenye embe. Lakini mtu akisema "anayeikataa rasimu hii hataki katiba mpya", huyo ameshatoka kwenye karatasi ya kura na kuingia kwenye mtego. Chungwa lilishinda, rasimu ikaanguka, na Agosti 2010 nchi ile ile ikapitisha katiba mpya kwa kura nyingine ya maoni. Kuikataa rasimu moja na kuitaka katiba vilikaa pamoja miaka mitano. Kwa hiyo pima kila sentensi kivyake: uchaguzi unaweza kuwa wa njia mbili, na maelezo yanayotolewa juu ya mchaguzi yakawa ya uongo.

Rudi Mkuranga. "Kuuza" na "kutokuuza": njia mbili kweli. "Dogo kubaki" na "dogo kutobaki": mbili kweli. Ila kaka aliunganisha kichwa cha jozi moja na mkia wa jozi nyingine. Je, inawezekana *hatuuzi wala dogo habaki*? Sikujua bado kwa namna gani, lakini sikuona kitu kinachokataza. Hiyo inatosha kuvuka hatua hii.

Tahadhari: kupita kipimo cha "wala" hakuthibitishi kwamba kaka amekosea. Kunaonyesha tu kwamba hajamaliza kutafuta. Huenda baada ya kutafuta kote, kuuza kukabaki ndiyo njia bora.

Umefaulu ukiweza kusema moja kati ya sentensi mbili: "hapa njia ni mbili kweli, tuchague", au "yapo mazingira ambayo yote mawili hayatokei, ni haya". Ukibaki na "nahisi tu kuna namna", bado.

## Hatua ya 3: Jua mlango umefungwa na nini

Sababu ya hatua hii ni ya kivitendo. Njia ya tatu isiyogusa kilichomfanya mtu afunge milango itakataliwa hata ikiwa nzuri.

Kwa uzoefu wangu milango hufungwa na mmoja kati ya hawa wanne.

*Muuzaji.* "Chukua leo, kesho bei inapanda." Dalali wa nyumba atakuambia kuna mtu mwingine anakuja saa kumi. Dawa yake ni ule usiku mmoja: omba, uone anavyogeuka. Kama nyumba inaondoka kweli, iache iondoke; nyumba ya kupanga haijawahi kuwa moja mjini.

*Mwenye madaraka.* Anataka uhesabike upo upande gani. Tarehe 20 Septemba 2001, siku tisa baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Rais George W. Bush aliliambia Bunge la Marekani kwamba kila taifa, popote lilipo, lina uamuzi wa kufanya: ama lipo na Marekani, ama lipo na magaidi. Nchi iliyolaani ugaidi na wakati huo huo ikawa na mashaka na vita haikuwa na kiti kwenye sentensi hiyo. Bosi anayesema "kama hufanyi kazi Jumapili basi hujali kampuni" anafuata mshono ule ule, kwa kitambaa cha bei nafuu.

*Mwenye haraka.* Huyu hana hila. Amechoka, ana mambo sita, akakata kona.

*Mwenye hofu.* Huyu ndiye anayejaa majumbani mwetu, na ndiye tunayemjibu vibaya kuliko wote, kwa sababu hofu ikitoka mdomoni huvaa nguo za amri.

Baada ya kikao kuvunjika nilimfuata kaka uani, alikuwa anaosha baiskeli ya mwanawe ambayo haikuwa chafu. Nikamwuliza, "Kaka, tukiuza, kitu gani kitakuwa kimekutoka mabegani?" Nilitegemea aseme ada. Akakamua kitambaa, akasema, "Simu zenu za tarehe ishirini na tano."

Alikuwa ametulipia ada watatu kati yetu, na kila mwisho wa mwezi simu yake ililia. Milioni sita ya dalali kwake ilikuwa njia ya kuhakikisha simu hiyo haitalia tena kwa miaka mitatu. Kiwanja chenyewe hakikuwa na neno kwake. Wala dogo kubaki nyumbani hakukutaka hata kidogo.

Tahadhari: usimwulize mbele za watu. Mtu mzima haungami hofu mbele ya mjomba na sufuria ya chai.

Umefaulu ukijua kumalizia sentensi hii: "Anachokimbia hasa ni..." Ikiwa jibu ni tusi ("ni roho mbaya tu"), rudi uulize tena.

## Hatua ya 4: Tengeneza njia ya tatu inayopitika

Msingojee wazo liwashukie. Kaa na karatasi, pitisha sentensi kwenye maswali sita:

Kiasi gani? Lazima iwe yote?
Lini? Lazima iwe sasa, na kwa mkupuo?
Nani? Lazima awe huyu?
Kwa mpangilio upi? Kipi kinaweza kutangulia kingine?
Vyote? Je, "na" inawezekana?
Hapana kwa vyote? Je, "wala" ndiyo nzuri?

Tulifanya hivyo usiku ule mimi na dada, chini ya taa ya jikoni. Swali la "lini" ndilo lililopasua. Kaka alikuwa amehesabu hivi: ada 1,400,000 kwa mwaka, malazi 250,000, mara tatu, jumla 4,950,000, weka na matumizi, karibu milioni sita. Hesabu sahihi kabisa. Ila ilikuwa hesabu ya miaka mitatu inayodaiwa wiki hii. Tuliposoma fomu ya kujiunga, chuo kiliruhusu ada ilipwe kwa mihula. Kilichohitajika kabla ya kusajiliwa kilikuwa nusu ya ada, 700,000, malazi 250,000, na vidogo vidogo vya 100,000. Jumla 1,050,000.

Milioni sita na milioni moja na hamsini elfu si ukubwa mmoja wa tatizo.

Swali la "nani" likaja na majina: mimi 250,000, dada 200,000, mjomba tulimwandikia 150,000 kabla hajajua, na kaka 300,000, chini ya nilivyodhani angelazimika kutoa. Laki tisa. Pakabaki 150,000.

"Kiasi gani" likatupa kitu ambacho hakuna aliyekifikiria mchana. Kiwanja lazima kiuzwe chote, au hata kuuzwa? Kulikuwa na kijana anayefyatua matofali jirani na kiwanja, alishawahi kuniomba nusu yake aanikie. Hapa ndipo unapomhitaji yule mtu asiye na maslahi: nilimpigia jirani wa kule, akaniambia nusu kiwanja kwa miezi sita watu hulipa kati ya laki moja na laki mbili. Tukaandika 150,000. Karatasi ikafunga.

Muhula wa pili tukauandikia mstari wake: mchango ule ule kwa tarehe iliyowekwa, na dogo aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu dirisha litakapofunguliwa. Hatukuuhesabu mkopo kama pesa, kwa kuwa maombi si fedha.

Kisha tukarudi kwenye hofu ya kaka, tukaongeza mstari wa mwisho: *fedha zote zinatumwa kwa dada, tarehe 20, atakayechelewa anapigiwa na dada, kaka hapigiwi simu.* Kama ningeambiwa nibakize mstari mmoja tu wa karatasi ile, ningebakiza huo.

Wakati mwingine kinachohitaji kubadilishwa ni mchezo wenyewe, pale ambapo sheria zake ndizo zinazozaa njia mbili. Zanzibar kwa miaka mingi ya vyama vingi uchaguzi ulikuwa wa mshindi kuchukua vyote, na anayeshindwa kubaki nje kabisa. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama cha pili nacho kinaingia. Takriban asilimia 66 wakasema ndiyo. Ugomvi haukwisha siku hiyo, na mpango ule uliyumba baada ya uchaguzi wa 2015 kabla ya kurudi mwishoni mwa 2020. Nautaja makusudi, kwa sababu wengi huiacha njia ya tatu mara tu wanapoona nayo ina mawe. Barabara zote zina mawe. Ulinganishe mawe.

Tahadhari ya kwanza: njia ya tatu lazima iwe na jina la mtu, tarehe na kiasi. "Tutajipanga", "Mungu atafungua", "tuone kwanza" ni maneno ya faraja, hayapitiki kwa miguu. Kaka angeyasikia angeuza kiwanja jioni ile, na ningemwelewa.

Tahadhari ya pili: njia ya tatu siyo lazima iwe katikati. Juma anasema umemwibia laki moja, wewe hukuchukua hata shilingi. Mtu mwema akija kupatanisha kwa kusema "basi mlipe hamsini", amekosea zaidi yenu wote. Ukweli haukai katikati kwa heshima ya wagombanao.

Umefaulu ukiwa na angalau njia moja ambayo mtu asiye na maslahi, akiisoma, anauliza maswali ya utekelezaji ("dada ana namba ya huyo kijana?") na haulizi kama ni utani.

## Hatua ya 5: Iseme

Usitaje neno "mtego". Usitaje "hoja potofu", "mantiki", wala jina lolote ulilolisoma. Kumwambia kaka yako mkubwa kwamba hoja yake ni potofu ni kumwambia mbele ya wadogo zake kwamba hana akili. Atakachojibu hakitahusu kiwanja tena.

Mpangilio unaofanya kazi kwetu una vipande vitatu. Kwanza mrudishie hofu yake kwa maneno ya heshima. Pili, uliza swali la "na" au "wala". Tatu, weka karatasi.

Mimi nilisema hivi, kesho yake asubuhi, mjomba akiwapo:

"Kaka, ulichosema jana ni kweli, mzigo huu umeubeba peke yako na hatuwezi kukurudishia tena. Naomba niulize: inawezekana dogo akaenda na kiwanja kikabaki, na wewe usipigiwe simu? Tumejaribu kuandika, angalia kama tumekosea mahali."

"Angalia kama tumekosea" ni kifungu cha thamani kubwa. Kinampa mkubwa nafasi yake, ya kukagua, badala ya kumweka kwenye nafasi ya aliyeshindwa. Alichukua kalamu. Akafuta 300,000 yake, akaandika 350,000, akasema laki tisa haina akiba ya nauli. Mjomba akauliza nani kamwandikia yeye 150,000, tukacheka, akaitoa.

Kwa rika lako unaweza kukata moja kwa moja: "Aisee, hakuna ya tatu?" Kwa muuzaji usieleze kitu, sema "nitakupigia kesho" na uondoke, maana ukianza kueleza umekaa. Kwa bosi, badilisha sentensi iwe ya kazi: "Nimekuelewa, unataka ripoti iwepo Jumatatu saa mbili. Nikiimaliza Jumamosi usiku, itafaa?" Umeitoa Jumapili kwenye imani yako kwa kampuni, umeirudisha kwenye ripoti.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usijaribu kabisa. Mtego ukiwekwa pale, mfuate mwenye nao pembeni. Pale kila mtu ana watazamaji, na mwenye watazamaji harudi nyuma.

Umefaulu ukiona mwenzako anaanza kubishana na vipengele vya njia ya tatu: kiasi, tarehe, nani. Mtu anayebishania tarehe ameshaingia ndani ya nyumba.

Haijafaulu akirudia sentensi ya mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Mara nyingi maana yake ni kwamba hofu uliyoikisia siyo. Rudi hatua ya tatu. Na akirudia mara ya tatu, nne, huku tarakimu zote ziko mbele yake, basi amechagua. Hapo uamuzi ni wako kama unafuatana naye.

## Hatua ya 6: Kagua kinywa chako

Tunatega pia, hasa tukiwa tumechoka. "Kwa hiyo wewe unataka tukae hivi hivi?" ni mtego uliotegwa kujibu mtego, na ndiyo sentensi niliyokuwa nayo ulimini siku ya kwanza ya kikao kile. Namshukuru aliyeniletea chai.

Methali zetu ni ghala la mitego, nasema hivi nikizipenda. "Njia mbili zilimshinda fisi" na "mshika mawili moja humponyoka" ni ushauri mzuri kwa mtu anayetapatapa. Lakini zikipigwa mezani kumnyamazisha binti anayetaka kuolewa na kuendelea na masomo, zimegeuka komeo. Mambo mawili hayo watu wanayashika, tena kwa mkono mmoja, mwingine umebeba mtoto.

Ukitaka kuona kwamba methali haiamui, itafutie mwenzake. Anayesema "haraka haraka haina baraka", mjibu "ngoja ngoja huumiza matumbo". Zote zimetoka kwa wazee wale wale. Sasa mnalazimika kuuliza swali lililopaswa kuulizwa mapema: jambo hili *hili*, linaharibika kwa kuharakishwa au kwa kucheleweshwa?

Umefaulu siku utakapojikamata katikati ya sentensi, ukasema, "Ngoja, niiseme upya."

## Zoezi

Fanya kwa kalamu kabla ya kusoma majibu.

1. *"Mama, ama uninunulie simu, ama nisionekane mtu shuleni."*
2. *"Dawa umekunywa au hujanywa?"*
3. *"Kuchangia harusi ni laki moja, kama huna basi usije."*
4. *"Utakuja Idi, au ndiyo umeshatusahau?"*

La kwanza: kipimo cha "wala" kinapita mara moja, na hofu iko wazi. Msianze na simu. Anzeni na nani hamwoni mtu.

La pili siyo mtego. Mjibu muuguzi.

La tatu ni gumu kidogo. Kamati inaweza kuweka kiwango, na ukumbi una viti vya kuhesabika. Hapo huenda njia ni mbili kweli kwa kiti cha ukumbini. Ila kuchangia siyo kiti tu. Muulize mwenye harusi, siyo kamati, kama utafaa kupika pilau la asubuhi nyumbani kwao.

La nne limetumwa na mama. Vua nguo: ama unakuja, ama umesahau. Kipimo cha "wala" kinapita, unaweza usije na usiwe umesahau. Hofu unaijua bila kuuliza. Sasa kaa na karatasi: nauli ya sikukuu ikiwa imepanda, "lini" inaweza kuwa wiki moja baada ya Idi, mabasi yakiwa matupu. Andika tarehe. Kisha mpigie kwa sauti, usimtumie ujumbe, umwamkie kwanza.